Uchungu Usiotemwa

Mtu akijikata kwa panga shambani, watu humkimbilia kwa maji na kitambaa, na kabla ya jua kuchwa huwa amekwisha fikishwa zahanati. Lakini aliyejeruhiwa moyo haonekani. Huamka, hunawa uso, huenda kazini, huitikia salamu, na jirani zake husema kwamba hajambo. Hayo huwapata watu wote duniani. Walakini katika vilima vya Taita wazee wa kale waliyafikiri sana, na fikira zao zamfaa mkulima wa Wundanyi na karani wa Voi vilevile.

Ibada kuu ya dini ya asili ya Wataita iliitwa kutasa. Mtu alitia kinywani funda la pombe ya miwa, au la kinywaji kingine, akalipuliza nje, huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuwaombea heri watu wake. Grace Harris, mtaalamu wa Kimarekani aliyekaa vilimani humo mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliieleza ibada hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1978. Wazee waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni yaweza kumletea ndugu ugonjwa, hata kama mwenye hasira hakukusudia. Kwa hiyo palipotokea maradhi, mganga aliulizwa ni moyo wa nani wenye kinyongo, na mwenye moyo huo akaombwa kutasa.

Wamisheni walifika Sagalla mwaka 1883 na Bura mwaka 1892, na leo Wataita wengi ni Wakristo. Si lazima mtu asadiki kwamba kinyongo cha mjomba huua ng'ombe. Lakini katika ibada hiyo mna mambo mawili yasiyochakaa. La kwanza, kuwa na uchungu hakukuhesabiwa kuwa aibu; aibu ilikuwa kuufuga. La pili, uchungu haukutolewa kimoyomoyo, bali kwa maneno yaliyosikika.

Waliokosa nafasi ya kusema walisema kwa miili yao. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 wanawake wengi wa Taita walipatwa na hali iliyoitwa saka. Mwanamke alitetemeka mabega na kichwa, pengine kwa kusikia tu mlio wa gari moshi, na dawa yake ilikuwa kupewa kile alichokitamani au kuchezewa ngoma mbele ya watu. Mwenye kufikiri ataona hapo kwamba moyo ulionyimwa kinywa hutafuta njia nyingine.

Na iko misiba ambayo haiwezi kutolewa kwa siku moja. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha mpaka Malindi. Wengi walikufa ugenini, na waliosalia hawakurudi kukaa Kasigau mpaka miaka ya 1930. Habari hiyo wazee wamewasimulia watoto, na watoto wamewasimulia wajukuu. Anayewahimiza wafiwa wasahau upesi hajui kwamba kusimulia ni sehemu ya kupona. Mzigo uliosimuliwa hubebwa na wengi.

Basi tuseme mkulima jirani na Hifadhi ya Tsavo, iliyoanzishwa mwaka 1948, ameamka asubuhi akakuta tembo wamekula na kukanyaga mahindi ya msimu mzima. Humwambia mkewe, "Si kitu." Lakini ni kitu, kwa maana karo ya watoto ilikuwa shambani mle. Usiku halali. Baada ya wiki mbili haiwazi tena hasara, hujiwaza yeye mwenyewe: mwanamume gani asiyeweza kulisha watu wake? Karani naye, aliyepitwa cheo na kijana aliyemfundisha kazi, huanza kuisoma kila barua mara tano kwa hofu ya kukosea, hata akasadiki kwamba tangu mwanzo hakufaa.

Watu kama hawa yafaa wafanye kama mtunza hesabu mwaminifu, asiyechanganya fedha za watu watatu katika safu moja. Waandike mbali yaliyoletwa na tembo au ukame, mbali yaliyoamuliwa na wakubwa, na mbali yaliyo makosa yao wenyewe. Mara nyingi safu ya tatu itakuwa fupi kuliko walivyodhani, na iliyo fupi hutengenezeka. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosa kufuatana, haukumuuliza mtu yeyote kama ni hodari au mvivu.

Tena wachague mtu wa kumwambia: mke au mume, shangazi, mzee wa kanisa, imamu, rafiki wa siku nyingi. Asiwe mwenye kutangaza. Wala wasidhani kwamba kilabu cha pombe ni mahali pa kutoa uchungu, maana mlevi huutema usiku, akaumeza tena asubuhi pamoja na deni. Na kutema uchungu si kumtemea mtoto au mke usoni.

Ikiwa usingizi na hamu ya chakula vimepotea kwa majuma, au mtu ameanza kuona afadhali afe, hapana budi aende hospitali, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi, aseme wazi kama asemavyo mwenye homa. Zamani wengi waliogopa hata sheria, lakini mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji kinapingana na Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa wa kutunzwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Limebaki neno kwa anayeambiwa. Asiwe mwepesi wa kusema, "Pole, ndiyo dunia," kisha akaondoka. Matanga hujaa watu siku za kwanza, uji ukapikwa na nyimbo zikaimbwa. Kisha turubai hufungwa, na nyumba ikanyamaza. Hapo ndipo mfiwa huanza kuona kiti kitupu. Jirani mwema na aende wakati huo, achukue jembe, akapalilie pamoja naye matuta mawili matatu. Asimhimize kusema. Wakiisha kuchoka, wakaketi chini ya mti, maneno yatakuja yenyewe.