Kiti Mwendo cha Umeme, Kutoka Leicester Mpaka Ngamiani

Kwenye makundi ya WhatsApp ya sisi watu wa Tanga tuliopo Uingereza, kila Ramadhani inapokaribia hupita ujumbe wa namna moja: kontena linaondoka, nafasi ipo, mwenye kitu cha kupeleka nyumbani alete. Magodoro, friji, nguo, vyerehani. Na mara nyingi hutokea mtu ana kiti mwendo cha umeme kilichoachwa na mzee aliyefariki, kizima, kinawaka, anauliza nani ana mgonjwa nyumbani akichukue. Majibu huja haraka, maana nyumbani hatukosi mtu.

Nia ni njema na mwenye nayo Mungu amlipe. Kinachonikaa moyoni ni maswali ambayo hayamo kwenye ujumbe ule. Huyo atakayekikalia ana nyonga za upana gani? Mkono wake upi una nguvu? Mlango wa chumba chake ni sentimita ngapi, na nje ya mlango huo kuna saruji, mchanga au mtaro?

Leicester naishi na mdogo wangu wa kiume, ambaye maradhi ya misuli yanampunguzia nguvu tangu utotoni. Tanga, Ngamiani, ninaye mjomba, ndugu wa mama yangu, mkwezi aliyeanguka kutoka mnazini huko upande wa Pangani akaumia shingo. Miguu haimtii tena. Mikono imebaki na nguvu kidogo, na vidole vya mkono wa kulia havifumbi, ndiyo maana kiti cha kusukuma kwa mikono hakimfai. Wote wawili wanatumia kiti cha umeme, na namna kila mmoja alivyokipata ni tofauti kabisa.

Huku kazi huanza kwa barua ya daktari au ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo kwenda huduma ya viti mwendo ya NHS, mfumo wa afya wa taifa. Halafu unasubiri, na kusubiri kwenyewe kunachosha. Siku ya kupimwa ilipofika nilitegemea kukuta viti vimepangwa tuchague. Hapakuwa na kiti hata kimoja. Palikuwa na benchi gumu lenye ngozi, na mama mmoja mtaalamu aliyemkalisha mdogo wangu pale, akapiga magoti nyuma yake, akaweka viganja juu ya mifupa ya nyonga pande zote mbili, akanyamaza. Alikuwa anatafuta kwa mikono kama upande mmoja umepanda kuliko mwingine. Ulikuwa umepanda. Akaingiza kipande chembamba cha sponji chini ya kalio la kushoto, akatazama uti wa mgongo, akakitoa, akaingiza kinene zaidi, akatazama tena.

Ndipo ikaja futi ya kupimia. Kutoka nyuma ya kalio mpaka nyuma ya goti, kisha hutolewa sentimita chache ili ukingo wa kiti usibane mishipa ya goti. Upana wa nyonga. Kutoka goti mpaka kisigino, kwa ajili ya urefu wa kanyagio. Kutoka kwenye kalio mpaka chini ya kwapa, maana mwili wake huangukia kushoto akichoka na panatakiwa kitu cha kuuzuia. Mwisho akakalishwa juu ya mkeka wenye vihisio uliounganishwa na kompyuta, na kwenye kioo tukaona makalio yake kwa rangi: buluu mahali pepesi, nyekundu chini ya mfupa. Mama yule akatueleza kwamba nyama inayogandamizwa saa nyingi hukosa damu, na huweza kuanza kufa ndani kabla ngozi ya juu haijaonyesha chochote. Kwa mtu asiyesikia maumivu sehemu hiyo, kidonda cha mgandamizo kinaweza kumlaza hospitali miezi, na kinaweza kumuua.

Kisha maswali. Asubuhi unakwenda wapi? Nani anakutoa kitandani? Meza unayolia chakula ina urefu gani? Mdogo wangu akasema anataka kwenda kusali Ijumaa, na magurudumu yaliyotoka barabarani hayafai kupanda zulia la msikiti. Mama yule hakushangaa. Akaandika, na kiti kilipokuja tukaelekezwa mahali pa kununua vifuniko vya magurudumu. Kile kifimbo cha kuongozea, joistiki, kilihamishwa kutoka mkono wa kulia mpaka katikati, mbele ya tumbo, kikavishwa kichwa cha duara kwa sababu vidole havishiki kitu chembamba. Fundi akachomeka kompyuta kwenye kiti na kukipangia mwendo: kianze taratibu, kisimame bila kumrusha, kisijali mtetemeko mdogo wa mkono. Hiyo peke yake ilibadilisha maisha yake kuliko mota yenye nguvu ingeweza.

Isidhaniwe huku ni peponi. Sehemu nyingi mtu anayeweza kutembea hatua chache ndani ya nyumba hapewi kiti cha umeme cha kutokea nje, hata kama bila hicho hafiki dukani. Kiti cha mkopo hubaki mali ya NHS. Tangu Desemba 2019 watu wengi wanaotumia huduma hiyo hapa England wana haki ya bajeti binafsi ya kiti mwendo, waweze kuongeza fedha zao wapate kinachowafaa zaidi, lakini asiye na za kuongeza huishia kuomba kwa mashirika ya hisani.

Kiti cha umeme tunachokijua leo kilizaliwa kwa kumtazama mtu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi George Klein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada alipewa kazi ya kuwasaidia askari waliopooza mikono na miguu. Jibu lake lilikuwa joistiki, na mota kila gurudumu na yake, ili mtu mwenye nguvu kidogo tu iliyobaki aweze kugeuka na kwenda atakako.

Nyumbani, kiti ndicho hutangulia. Cha mjomba kilikuja kwa kontena, zawadi ya watu wema, kikubwa, cha mzungu wa kilo nyingi. Kilifika kimekufa. Betri za viti hivi ni mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata 24, na nyingi ni za risasi zilizofungwa. Betri ya risasi ikikaa miezi bila kuchajiwa huota salfeti kwenye sahani zake na haipokei tena umeme, na safari ya baharini pamoja na kukaa bandarini ni miezi hiyo hiyo. Mtu mmoja akashauri zifungwe betri za gari. Zilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa nukta chache za kuwasha injini, haiwezi kukamuliwa siku nzima, na yenye maji ya asidi ikiinama humwaga chini ya mtu ambaye miguu yake haisikii inapoungua. Zilizosaidia mwishowe ni betri za jeli za sola, ambazo wauzaji wa sola wanazo, mradi zienee kwenye kisanduku cha kiti.

Lakini betri ilikuwa shida ndogo. Kiti kilimpwaya, na mjomba akawa anaegemea kulia siku nzima, upande ilipofungwa joistiki, ambao ndio mkono usiofumba. Kidonda kikatoka kalioni. Hakuna anayempa mtu kanzu iliyokatwa kwa mabega ya mwingine akamwambia anenepe, ila kwenye kiti mwendo tunafanya hivyo na tunapiga picha.

Halafu kuna ardhi. Kiti kile kilikuwa cha magurudumu sita, yanayovuta yakiwa katikati. Aina hiyo hugeuka papo hapo ilipo, nayo ni raha kwenye korido na lifti za huku. Ngamiani, penye shimo lililoachwa na masika, magurudumu madogo ya mbele na nyuma hukaa kwenye kingo na yale ya katikati yakabaki yananing'inia, yanazunguka hewani. Kwa mitaa yetu afadhali kiti kinachovutwa na magurudumu makubwa ya nyuma, au ya mbele. Tairi ziwe za upepo. Zile ngumu zisizopata pancha husifiwa na wauzaji wa Ulaya, lakini kwenye mchanga huzama na kwenye kokoto hutikisa mgongo uliovunjika, na pancha yenyewe Tanga si neno. Mji umejaa baiskeli na kila kona ina fundi wake mwenye pampu na viraka. Tena mji ni tambarare, ndiyo maana baiskeli zilishamiri, na kwenye tambarare betri hufika mbali.

Na umeme hautishi kama watu wanavyodhani. Soketi zetu ni zile zile za pini tatu za mraba za Kiingereza, volti zile zile 230, chaja ya Leicester inaingia ukutani Tanga bila kibadilishio. Kujaza betri mbili za kawaida za ampea 60 hakuli hata uniti mbili za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Kinachotakiwa ni kuchaji kila usiku umeme ukiwepo, bila kungoja betri iishe, maana kesho huenda usiwepo. Chumvi ya bahari ndiyo adui wa kimyakimya: viunganishi vya nyaya huota ukungu wa kijani, kiti kikasimama katikati ya njia. Grisi kidogo kwenye viunganishi na mfuko wa nailoni juu ya joistiki wakati wa mvua vinaokoa pesa nyingi.

Mabadiliko yalikuja siku mtaalamu wa fiziotherapia alipokubali kuja nyumbani. Alimkalisha mjomba kwenye benchi la mbao barazani, akapiga magoti nyuma yake na kuweka viganja kwenye nyonga, vile vile kama nilivyoona Leicester. Hakuwa na mkeka wa rangi. Alitelezesha vidole chini ya kalio, akaonyesha mfupa uliposhuka, akachora kwa chaki juu ya kipande cha sponji ngumu ya godoro. Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili akakata fremu ya kiti akaipunguza upana, akahamishia joistiki kushoto kwa kipande cha bomba, na juu yake akachomeka mpira wa tenisi uliotobolewa. Sponji ikawekwa tabaka mbili, ya juu ikachongwa bonde mahali pa mfupa. Fundi alielewa kwa kutazama mara moja. Mafundi wetu wanaweza, wakipewa vipimo.

Wasichoweza ni kubadilisha mwendo. Kompyuta ya kiti imefungwa, hufunguliwa kwa programu iliyo mikononi mwa mawakala wa kiwanda, na kiti cha mjomba mpaka leo kinaondoka kwa pupa ya mwenyewe wa kwanza. Naliona hili ni dhuluma. Kitu ambacho ni miguu ya mtu hakipaswi kufungwa kufuli ambayo ufunguo wake uko bara jingine.

Baraza nayo ilitaka hesabu. Kipimo kinachotumika sana cha mteremko wa kiti mwendo ni sentimita 12 za urefu kwa kila 1 ya kupanda. Baraza ya nyumba ina kimo cha sentimita 36, kwa hiyo mteremko ni mita 4 na zaidi, na ukinyooshwa ungefika katikati ya barabara. Ukajengwa ukipita sambamba na ukuta, ukakunja kwenye kona. Juma lililofuata mjomba akanipigia simu: "Mwanangu, leo nimekwenda sokoni Mgandini mwenyewe. Samaki changu nimemchagua kwa macho yangu, na bei nimeipigania mimi."

Elimu hii si ngeni Tanzania. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi kinafundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na kimefundisha pia mafundi wa viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 mwongozo wa viti vya kusukuma kwa nchi zenye uwezo mdogo, kisha 2023 mwongozo wa viti vya aina zote, na yote miwili inadai mtu apimwe, kiti kirekebishwe, mtumiaji afundishwe na afuatiliwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na 2 kati ya hizo ni za vikundi vya watu wenye ulemavu. Kikundi cha kutengeneza viti na kuuza betri na tyubu kingeweza kusimama juu ya mkopo huo.

Kwa hiyo ombi langu kwa Watanga wenzangu, kabla ya kontena la safari hii. Mwenye kiti asikipakie mpaka apate kutoka nyumbani vipimo vitano: nyonga, paja, goti mpaka kisigino, mlango, na mkono unaofanya kazi, pamoja na picha ya njia ya mbele ya nyumba. Betri za zamani zibaki huku, fedha zake zitumwe zikanunuliwe kule. Wakala aombwe akipangie kiti mwendo wa polepole kabla hakijaondoka, maana kule hakuna wa kukipanga. Na nauli ya kontena tunayochangishana, sehemu yake tuiweke kando tumsomeshe kijana mmoja wa Tanga kazi ya viti mwendo kule Moshi, arudi awe na meza yake na futi yake pale mjini. Kutoka Tanga mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 300, na mtu mwenye kidonda cha kalio hawezi kuzikaa kwenye basi kila boliti ikilegea.