Jinsi Nilivyojifunza Kuvumilia Baridi

Watu wengi wameniuliza habari za majira ya baridi niliyokaa katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, tangu Novemba 2018 hata Machi 2019. Huniuliza, "Mwalimu, theluji ile uliivumiliaje?" Nami kila mara nimejibu kwa maneno machache, kwa kuwa jibu la kweli linanitia aibu kidogo. Leo nimeona vema kuliandika lote, maana lina faida kwa wazazi na kwa walimu wenzangu, hata kwa wale ambao hawataikanyaga theluji maisha yao yote.

Mimi ni mzaliwa wa Kilimanjaro, upande wa Machame, karibu na msitu. Tangu utoto nalizoea kutoka nje asubuhi na kuuona Kibo mweupe juu ya migomba yetu. Kilele chake kina urefu wa meta 5,895, na ule weupe ni barafu na theluji, ingawa siku hizi umepungua sana kuliko walivyouona babu zetu. Mwezi wa Juni na Julai ukungu hutufunika, na usiku kipimajoto cha shule yetu hushuka hata digrii 10 hivi. Tulipokuwa watoto twalikwenda shuleni miguu mitupu katika umande, na mtoto aliyetetemeka alichekwa na wenzake. Basi nalidhani ya kuwa baridi ni jamaa yangu, nami naijua tabia yake.

Kumbe wazee wetu waliijua kuliko mimi. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima wetu, tarehe 11 Mei 1848, yule aliyemwongoza njia hakuwa na jina la kitu kile cheupe kilichokuwa juu. Alikiita "baridi" tu. Tena Rebmann alisikia habari za mtawala mmoja wa Machame wa zamani, aliyetuma watu wapande wakachunguze kitu kile ni kitu gani. Katika wote waliopanda alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika. Habari hii nimewasimulia wanafunzi darasani mara nyingi, lakini nalikuwa nikiisimulia kama hadithi ya watu wasiojua, wala sikufikiri ya kuwa inanihusu mimi.

Nilipofika Minnesota nalipokewa na mzee mmoja, mkulima aliyeacha kazi kwa sababu ya umri, pamoja na mkewe. Kazi yangu ilikuwa kusaidia katika shule ndogo iliyo karibu na nyumba yao, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Siku ya kwanza mzee alinipa koti zito, mabuti, kofia yenye masikio ya kufunga chini ya kidevu, na mifuko ya mikono ya sufu. Katika mifuko hiyo kidole gumba hukaa peke yake, na vile vinne hukaa pamoja. Nalimwuliza kwa nini hakunipa glavu zenye nafasi ya kila kidole, kama nilizowaona nazo watu wa mjini. Akanijibu, "Vidole vikikaa pamoja vyapashana moto. Kila kimoja kikikaa chumbani mwake, vyote vyapata baridi."

Theluji ilipoanguka mara ya kwanza nalifurahi kama mtoto. Mvua yetu hupiga kelele juu ya bati hata watu hawasikilizani. Lakini theluji huanguka kimya, na mtu aliyelala hana habari mpaka afungue mlango asubuhi na kukuta njia haipo. Mzee na mimi twalishika mabeleshi tukaiondoa mlangoni na njiani, na mashine kubwa zilipita barabarani zikiisukuma kando, ikawa kama kuta za pande mbili. Kazi hii ilinitoa jasho, nikavua kofia. Mzee alinitazama bila kusema neno. Nami nikamwambia kwa majivuno, "Mzee wangu, mimi ni mtu wa mlimani. Baridi nimezaliwa nayo."

Tangu siku hiyo nikaanza kwenda shuleni bila kofia. Waalimu walistaajabu, na watoto walistaajabu zaidi. Walikuwa wakisema, "Mwalimu ametoka Afrika, na hata hivyo haogopi baridi!" Maneno hayo yalikuwa matamu masikioni mwangu. Sikujua ya kuwa theluji yenyewe si adui mkubwa. Mara nyingi siku ya theluji huwa na mawingu, na mawingu hufunika nchi kama blanketi. Baridi kali huja baadaye, mbingu zikiwa safi na jua likiwaka. Mgeni hutazama nje, akaona nuru nzuri juu ya theluji, akadhani pana joto.

Siku moja ya namna hiyo, mwezi wa Desemba, kipimajoto kilikuwa digrii 15 chini ya sifuri, na upepo ulivuma. Wakati wa mapumziko nalikuwa mimi niwaangalie watoto uwanjani. Nalisimama kichwa wazi, nikicheka nao. Masikio yangu yaliuma kwa muda, kisha yakaacha kuuma. Nikajisifu moyoni ya kuwa nimekwisha kuizoea nchi. Mara msichana mmoja mdogo akanivuta koti, akasema, "Mwalimu, tazama mkono wa yule." Alimwonyesha mvulana wa miaka saba aliyesimama karibu na ukuta, ameficha mkono mmoja ndani ya koti. Nalimwita, nikamwambia autoe. Alikuwa amevua mifuko yake ya mikono muda mrefu. Vidole viwili vilikuwa vyeupe kama nta ya mshumaa, naye alipoguswa hakusikia kitu.

Nalimbeba mbio mpaka ndani. Mwalimu mwenzangu, mama mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, akaleta maji ya vuguvugu katika beseni. Mimi nalitaka kuvisugua vidole vile, au kumsogeza mtoto kwenye kile chombo cha kupashia chumba moto. Mama akanizuia upesi. Alisema nyama iliyoganda haisuguliwi, maana hupasuka. Wala haipelekwi penye moto, maana haisikii, nayo huungua bila mwenyewe kujua. Maji ya vuguvugu yatosha, na saburi. Kisha alinitazama mimi, akasema kwa upole, "Na wewe, Mwalimu, sikio lako la kushoto ni jeupe vilevile."

Basi tukaketi mimi na mtoto yule, yeye mkono ndani ya beseni, mimi kitambaa chenye maji ya vuguvugu sikioni. Hapo ndipo maumivu yalipokuja. Hili ni jambo la ajabu katika baridi kali: inapokudhuru hunyamaza, na maumivu makubwa huja wakati damu inaporudi. Mtoto alilia sana. Alipotulia, mama yule akamwuliza kwa nini alivua mifuko yake, na kwa nini aliuficha mkono. Akajibu, "Nalitaka kuwa kama Mwalimu."

Wasomaji wangu, nimepata kukemewa na wakubwa mara kadhaa katika maisha yangu, lakini sikumbuki neno lililonichoma kama hilo la mtoto. Vidole vyake vilipona, wala havikubaki na kilema. Sikio langu lilivimba, likabambuka ngozi, na hata leo upepo wa Julai ukivuma hunikumbusha. Lakini nalifahamu ya kuwa laiti msichana yule hangaliona, huenda mtoto yule angalipoteza vidole kwa sababu ya majivuno yangu. Nalifundisha somo ambalo sikukusudia kulifundisha, naye alilishika vizuri kuliko yote.

Jioni nalimweleza mzee mambo yote. Hakunikemea. Alinisimulia habari ambayo watu wa nchi zile hawaisahau. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi ilikuwa na joto lisilo la kawaida kwa majira yale, na watoto wengi walikwenda shuleni bila nguo nzito. Mchana tufani ya theluji ikawashukia ghafula, theluji laini kama unga ikipeperushwa na upepo, hata mtu asione mkono wake, na baridi ikazidi upesi sana. Katika nchi za Dakota, Nebraska na Minnesota walikufa watu wapatao 235, na wengi wao walikuwa watoto waliokuwa njiani kutoka shuleni. Huko Nebraska mwalimu mmoja kijana, Minnie Freeman, paa la shule yake liling'olewa na upepo. Naye akawakusanya wanafunzi wake, akawaongoza wote pamoja katika tufani ile mpaka nyumba ya jirani, wakaokoka. Mzee akasema, "Hawakuokoka kwa sababu hawakusikia baridi. Waliisikia wote. Waliokoka kwa sababu hawakuachana."

Nikaanza kutazama watu wa kule kwa macho mengine. Mwanzo nalidhani ya kuwa wanavumilia kwa sababu miili yao ni migumu. Sivyo. Kweli, mazoea yapo: mwezi wa Machi, kipimajoto kilipopanda mpaka digrii 5 juu ya sifuri, naliwaona vijana wametoka nje na mashati tu, na mimi mwenyewe nalifungua koti. Lakini mazoea hugeuza moyo kuliko yanavyogeuza nyama. Mwili ukipata baridi huiondoa damu katika ngozi, vidole na masikio, ili kuulinda moyo na viungo vya ndani. Kwa hiyo vya pembeni ndivyo huganda kwanza, kwa mwenyeji na kwa mgeni. Wenyeji wamelijua jambo hili, nao hutii. Huvaa nguo nyingi moja juu ya nyingine, maana nguo haina moto wake yenyewe. Hushika ule wa mwili, na hewa iliyo kati ya nguo na nguo huuzuia usitoke. Huogopa unyevu, kwa maana nguo iliyolowa jasho ni kama hakuna nguo. Maziwa yao yakiganda huenda juu yake, wakatoboa barafu na kuvua samaki. Lakini hawakanyagi kabla ya kupima, na barafu isipokuwa na unene wa sentimeta 10, ikiwa safi na ngumu, mwenye akili hapiti kwa miguu.

Tarehe 30 Januari 2019 ilikuja baridi ambayo hata wazee waliizungumza. Katika mji wa Minneapolis kipimajoto kilifika digrii 33 chini ya sifuri. Shule nyingi zilifungwa, na hata barua hazikupelekwa nyumbani kwa watu siku ile. Hakuna aliyesema, "Mimi naiweza." Nalitoka nje dakika tatu tu, nimefunikwa mpaka macho. Pumzi iliganda katika kope zangu, na theluji ililia chini ya mabuti kama ngozi mpya ya kiatu. Niliporudi ndani nalimkuta mzee anapiga simu nyumba kwa nyumba: kwa mjane fulani, kwa jirani mgonjwa, kwa kijana aliyehamia juzi. Kwa kila mmoja aliuliza neno moja, "Je, nyumba yako ina moto?"

Ndipo nikakumbuka joho la Mtume Paulo. Mtu yule alivumilia mapigo, njaa na kuvunjikiwa na merikebu. Walakini alipokuwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa, tena afanye bidii aje kabla ya wakati wa baridi. Hakuona haya kuomba nguo wala kuomba rafiki. Nami nilikuwa nimelisoma neno hilo tangu shule ya waalimu, nikilipita upesi kama jambo dogo.

Sisi twapenda kusema mvumilivu hula mbivu, na ni kweli. Lakini wahenga walisema pia, mficha maradhi kifo humuumbua. Kuvumilia si kuficha. Anayevumilia husema, "Nasikia baridi," kisha huvaa, huomba, husogea karibu na wenzake, na kesho huamka akafanya kazi yake. Anayeficha husifiwa leo, na kesho hukosa vidole.

Sasa nimerudi shuleni kwangu mlimani. Theluji haitufikii, iko kule kwenye Kibo. Lakini mwezi wa Julai watoto huingia darasani na shati jembamba lililolowa umande, midomo imekauka, nao ukiwauliza hujibu haraka, "Sisikii baridi, Mwalimu." Zamani naliwasifu. Nalisema, "Huyu ni mtoto wa mlimani kweli." Mungu anisamehe, sijui ni wangapi waliokuwa wakikohoa usiku kwa ajili ya sifa zangu.

Siku hizi nafanya mambo mawili tu. Ofisini pana sanduku la sweta zilizotolewa na wazazi ambao watoto wao wamekua, nami mwenyewe huvaa sweta langu mbele ya darasa bila haya, ili wote waone. Na ninapotaka kumwuliza mtoto kama anasikia baridi, simwulizi mbele ya wenzake. Humwita kando, nikamshika mkono kana kwamba namsalimu. Mkono ukiwa wa baridi sina haja ya kungoja jibu.