Neno "Ushirikina" na Mzee wa Kabuku

Msafiri atokaye Chalinze kwenda Segera hupita Kabuku, mji uliokua jirani na mashamba ya mkonge katika nchi ya Wazigua. Si ajabu hapo kumkuta mzee anayeswali Ijumaa msikitini, na mvua zikichelewa akafuatana na ukoo wake makaburini kwa tambiko. Akiulizwa dini yake hujibu bila kusita kwamba ni Mwislamu. Akiulizwa juu ya tambiko husema ni mambo ya wazee. Redioni na magazetini, jambo hilo la pili lina jina jingine: ushirikina.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, mushrikina, wingi wa mushrik, yaani amfanyiaye Mungu mshirika. Waswahili waliichukulia mu- ya Kiarabu kuwa kiambishi cha ngeli ya kwanza, wakapata mshirikina na washirikina. Kisha kwa u- wakapata ushirikina. Kimofolojia hakuna kasoro. Kisemantiki, hata hivyo, hii ni hukumu ya kitheolojia iliyovikwa nguo ya nomino ya kawaida. Mwandishi wa habari, hata akiwa Mkristo, hulitumia kwa tambiko, kwa hirizi, kwa ramli na kwa mauaji ya watu wenye ualbino, vyote katika kapu moja.

Kapu hilo lina gharama. Sheria ya Tiba Asilia na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwatambua waganga. Januari 2015, kutokana na mauaji hayo, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa kienyeji, ilhali sheria ile haijafutwa. Mganga wa mitishamba na mpiga ramli walijikuta chini ya jina moja.

Je, fasihi imefanya vizuri zaidi? Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Mohammed Said Abdulla, mzimu ni mahali pa mauaji, na akili ya Bwana Msa ndiyo inayoutoa utisho wake. Riwaya inasisimua, lakini wenye kuuamini mzimu wamo humo ili wakosolewe. Ebrahim Hussein alikwenda mbali zaidi katika Kinjeketile (1969). Humo anayeingiwa na shaka ni Kinjeketile mwenyewe, na bado hakubali kuyakana maji. Msomaji hapewi ruhusa ya kumcheka wala ya kumwamini moja kwa moja. Ni vigumu kuipata hali hiyo katika habari ya gazeti.

La kusikitisha ni kwamba hata tasnifu za wanafunzi wetu hufungua sura kwa kichwa "imani za kishirikina", kisha zikadai kuchambua bila upendeleo. Istilahi "dini ya jadi" ipo, nayo ina adabu zaidi, ingawa ni ya darasani. Mzee wa Kabuku haitumii. Yeye husema kutambika: kitenzi, jambo lifanywalo na watu wa ukoo siku fulani, mahali fulani; wala haoni kwamba limeulizwa swali lolote kuhusu anachokiamini.