Ndiyo, Nilimsafirisha

Kwetu Kibingo, wilayani Kyerwa, neno "kusafirisha" halina kosa lolote. Unasafirisha kahawa, unasafirisha ndizi, unamsafirisha mdogo wako akaanze kidato cha kwanza. Mtu akifia mbali, ukoo unachanga kusafirisha mwili. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisimama kizimbani na kusomewa kwamba tarehe fulani alimsafirisha binti fulani kutoka kijijini kwenda mjini, usishangae akijibu, "Ndiyo mheshimiwa, nilimsafirisha." Yeye anakiri nauli ya basi. Kinachoandikwa kwenye jalada kinaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Nasoma sheria, na likizo iliyopita nilikuta kijijini habari ni moja tu. Mama mmoja wa kitongoji chetu alikuwa amekamatwa. Alimtafutia binti wa jirani kazi za ndani mjini, kama alivyowahi kuwatafutia wengine wawili. Wazazi walikubali, binti alikubali, nauli ilitumwa na bosi wa huko. Miezi minne baadaye binti akatoroka: halipwi, analala jikoni, simu kanyang'anywa. Bosi hakupatikana. Aliyepatikana ni mama wa kijijini.

Kesi haijaisha, kwa hiyo sitasema nani mkweli. Ila baba yangu mdogo aliniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, na elimu yote hiyo utasimama umtetee mtu aliyeuza mtoto wa wenzake?" Nitamjibu hapa, maana siku ile kila mtu alikuwa hakimu na nafasi ya kusema sikupata.

Tuanze na sheria yenyewe. Tanzania iliridhia Itifaki ya Palermo mwaka 2006, na mwaka 2008 Bunge likatunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Kosa linagusa mtu anayeajiri, kusafirisha, kuhifadhi au kupokea mtu mwingine, hata kwa kisingizio cha ajira ya ndani ya nchi, kwa lengo la kumtumia kwenye ukahaba, kazi za kulazimishwa, utumwa au kulipa deni kwa jasho lake. Ilivyotungwa, kifungo kilikuwa kati ya miaka 2 na 10, na mwathirika akiwa mtoto, kati ya 10 na 20. Si mchezo.

Wenzangu wengi nikiwauliza utetezi ungekuwa upi, wanasema haraka, "Si alikubali mwenyewe?" Hapana, hiyo haimwokoi mtu. Kwa sheria yetu ridhaa ya mwathirika si kinga kwa mshtakiwa, na nadhani ni sahihi kabisa. Binti aliyekubali kazi ya elfu hamsini kwa mwezi hakukubali kufungiwa ndani. Na mzazi kukubali kwa niaba yake ndiyo kabisa haisaidii, kwa sababu kuna wazazi wanaochukua pesa. Wakili akijenga kesi nzima juu ya "alipenda mwenyewe", mteja wake ajiandae.

Utetezi wenye miguu uko kwenye lile neno "lengo". Upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe, pasipo kuacha shaka la msingi, kwamba huyu aliyeko kizimbani alimchukua binti kwa ajili ya kunyonywa. Kupeleka mtu kazini si kosa. Je, mama alijua hali ya ile nyumba? Alipata chochote, na kama alipata, ilikuwa shukrani au bei? Binti alipompigia simu kulalamika, alifanya nini? Wale wawili aliowapeleka kabla walilipwa? Hapo ndipo ujumbe wa miamala ya simu, ambao wengi wetu tunaufuta kupunguza nafasi, unakuwa kielelezo. Ujumbe mmoja wa bosi unaosema "mshahara atakuwa anapokea mwenyewe" unaweza kubeba uzito kuliko mashahidi watano wa kusema mama huyu ni mcha Mungu.

Lakini silaha hiyo ina makali pande zote mbili. Kama wale wawili nao hawakulipwa, na mama alijua, akaendelea kupeleka wa tatu, basi huo ndio ushahidi wa upande wa pili. Ndiyo maana namwambia baba mdogo kwamba kumtetea mtu maana yake si kumtoa tu. Utetezi unalazimisha maswali haya yaulizwe. Bila maswali hayo, mama aliyedanganywa na bosi na mama anayejua kabisa anachofanya wanapata kifungo kilekile, na bosi anatafuta binti mwingine.

Umri nao. Chini ya miaka 18 ni mtoto, na tofauti ya miaka 17 na 18 hapa inaweza kuwa tofauti ya miaka mingi gerezani. Sasa kwetu muulize mtu cheti cha kuzaliwa. Utaambiwa alizaliwa mwaka ule wa mvua nyingi. Kadi ya kliniki imeliwa na panya. Mzazi anaweza kutoa ushahidi wa umri, daktari pia, lakini wakili asipouliza hakuna atakayesumbuka.

Turudi kwenye lile "ndiyo". Kuna kesi ya zamani ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973, ambayo ningependa ibandikwe ukutani kila mahakama. Inasema mshtakiwa asomewe shtaka na vipengele vyake vyote kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake, kisha asomewe maelezo ya tukio na aulizwe kama anayakubali. Akipinga hata kimoja cha msingi, iandikwe kwamba amekana. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu, na nilishangilia. Lakini bibi anayeongea Kinyambo tangu azaliwe, Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani. Na anayekiri kosa kihalali hawezi kukata rufaa juu ya hatia, anabaki na kulalamikia adhabu tu.

Kwetu mpakani mambo yanachanganyika zaidi. Ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda, na vibarua wanaovuka kuja kupalilia migomba na kuchuma kahawa wapo tangu enzi za babu zetu. Mwaka 2013 ilipokuja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu, familia zilizokuwa zimeoana ziligawanyika. Anayemleta kibarua bila kibali anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Uhamiaji, zile hukumu tulizozizoea magazetini za faini ya milioni 20 au jela miaka 20. Anayemleta ili amfanyishe kazi kwa nguvu ni msafirishaji haramu wa binadamu. Makosa mawili tofauti, lakini kwa Kiswahili chetu yote yanaitwa usafirishaji haramu. Wakili mzuri anaanza kwa kutenganisha hayo.

Na wakubwa je? Mwaka 2007 huko Marekani mfanyakazi wa ndani Mtanzania alimshtaki Alan Mzengi, afisa wa ubalozi wetu Washington, kwa kumfanyisha kazi miaka kadhaa bila malipo. Ilikuwa kesi ya madai. Mwaka 2008 mahakama ya shirikisho iliamua alipwe zaidi ya dola milioni moja. Kesi ya jinai haikufunguliwa, kwa sababu ya kinga ya kidiplomasia. Kinga hiyo nayo ni utetezi halali, ila mama wa Kibingo hana.

Alichonacho ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hakimu akiona haki inahitaji hivyo na mshtakiwa hana uwezo, anaweza kuelekeza apatiwe msaada. Tatizo ni kwamba wengi hawajui kama kuna kitu cha kuomba, na tangu 2019 kuna pia makubaliano ya kukiri kosa, ambayo mtu aliyechoka na mahabusu anaweza kuyakimbilia hata kama alikuwa na hoja. Ombi lenyewe ni sentensi moja: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba msaada wa kisheria, na naomba mkalimani." Nimeiandika kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, nikamwachia baba mdogo nakala kumi. Amesema atazigawa, japo swali lake bado analo.