Mizinga ya Shaba na Daftari la Taifa

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii twaitumia katika mambo ya fedha na biashara. Lakini sisi tuliotumikia umma miaka mingi, huku tukitunga beti zetu jioni, twaona kuwa yafaa zaidi kwa mali za kale zinazokaa nje, juani na mvuani.

Tuchukue mfano wa mizinga miwili ya shaba iliyowekwa mbele ya mlango wa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash huko Unguja mwaka 1883. Mizinga hiyo ilisubiwa na Wareno katika karne ya 16, ikatiwa nembo ya ufalme wao. Mwaka 1622 majeshi ya Shah Abbas wa Uajemi, yakisaidiwa na merikebu za Waingereza, yaliwatoa Wareno katika kisiwa cha Hormuz, na silaha zao zikatekwa. Washindi nao wakachora maandishi ya Kifarsi juu ya shaba ile ile.

Wako wasemao, "Silaha za wavamizi zatuhusu nini?" Zatuhusu sana. Wareno walioshambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505 walikuwa wa dola hiyo hiyo. Aisomaye mizinga hii huona nguvu ya dola ile na kushindwa kwake, vyote katika madini mamoja.

Shaba ya mizinga, iliyochanganywa na bati, hailiki upesi kama chuma. Hujivika ukoga wa kijani au wa hudhurungi, na ukoga huo huikinga. Adui yake ni chumvi ya bahari, ambayo ikikutana na unyevu huzaa ungaunga wa kijani hafifu unaotafuna ndani kwa ndani. Adui wa pili ni bidii isiyo na elimu. Tumewaona watu wenye nia njema wakisugua shaba ya kale kwa mchanga na ndimu ili ing'are siku ya sikukuu. Kila ising'olewapo uchafu tu bali na ngozi yake, herufi hupungua. Na herufi iliyofutika hairudi. Kusafisha na kupaka nta ni kazi ya mafundi wa makumbusho.

Kuandika, hata hivyo, ni kazi yetu sote. Mwalimu na awapeleke wanafunzi wake penye mzinga ulio karibu nao. Wapime urefu wake na upana wa mdomo. Wapige picha rula ikiwa pembeni. Wanakili kila alama, hata wasiyoifahamu. Waandike mahali na tarehe. Mwaka ufuatao warudi kulinganisha.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Jumba lile lilikuwa limesimama zaidi ya miaka 130. Basi tusingoje vitu vianguke ndipo tuulize vilikuwaje. Daftari na lifunguliwe leo, herufi zingali zasomeka.