Seva imekataa, ukurasa unashangilia

Leo tuongee kuhusu ahadi. Si za wanasiasa, hizo tumezizoea. Ni za JavaScript, zilizoingia rasmi kwenye lugha hiyo mwaka 2015.

Majuzi niliitwa kukagua ukurasa wa chama kimoja cha akiba, uliotengenezwa na mtu mwingine. Ukurasa ulisema "Mchango umehifadhiwa", lakini kwenye hifadhidata hakuna kitu. Mweka hazina, mama wa watu, alikuwa ameanza kutazamwa kwa jicho baya. Pesa zikipotea hakuna anayeishuku tarakilishi!

Nikafungua msimbo. Mnyororo ulikuwa hivi: fetch, then, catch, halafu then nyingine ya kuonyesha ujumbe. Unauona ugonjwa? Ni miwili.

Kwanza, fetch huvunja ahadi pale tu ombi lenyewe linaposhindwa, mathalani intaneti ikikatika. Seva ikijibu 404 au 500, kwa fetch hilo ni jibu kama majibu mengine, na ahadi imetimia. Catch haina habari. Mimi naona uamuzi huo unawatega watu bure, lakini ndio tulio nao. Dawa huwekwa katika then ya kwanza:

if (!jibu.ok) throw new Error(jibu.status);

Hiyo ok ni kweli kwa namba 200 hadi 299 peke yake. Kosa likitupwa, then zinazofuata hurukwa mpaka kwenye catch iliyo mbele.

Pili, na hili ndilo lililoniudhi, catch ikishalipokea kosa bila kulitupa tena, mnyororo huhesabiwa kuwa umepona. Ile ya katikati iliandika kosa kwenye konsoli tu, ambako mweka hazina hafiki, kisha then ya mwisho ikaendelea kupongeza. Hata waya wa intaneti ungechomolewa, pongezi zingetoka! Nikaipeleka catch mwishoni, nayo ikapewa kazi ya kuonyesha "Haijathibitishwa".

Kwa nini nisiandike "Haijahifadhiwa"? Kwa sababu mtandao unaweza kukatika baada ya seva kuhifadhi lakini kabla jibu halijafika. Ukituma tena kiholela, mtu mmoja anachangia mara mbili. Kwa hiyo kila mchango sasa unatumwa na namba yake ya pekee, na seva ikiiona namba hiyo mara ya pili, inarudisha jibu lile lile la kwanza bila kuandika upya.