Tarehe Zetu, Kutoka Daftari Hadi Kanzidata

Nilipoanza kazi katika kampuni ya usafirishaji mizigo Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1990, safari za malori ziliandikwa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Hakuna aliyehangaika kuzipanga. Lori lililotangulia kutoka liliandikwa mwanzo, lililofuata likaandikwa chini yake. Mfuatano wa matukio ulikuwa mfuatano wa mistari.

Kompyuta ilipoingia, mfuatano huo ulivurugika. Mtaalamu aliyetuundia jedwali la kwanza aliifanya tarehe kuwa maandishi ya kawaida: siku, mwezi, kisha mwaka, kama tulivyofundishwa shuleni. Lakini kompyuta hupanga maandishi kwa kulinganisha alama moja moja kuanzia kushoto. Basi 01/12/1996 ikakaa juu ya 02/01/1996, Desemba ikaitangulia Januari ya mwaka uleule. Ripoti zilitoka zimekusanya safari za tarehe mosi za miezi yote mahali pamoja, na makarani wakalazimika kurudi kwenye daftari kuhakiki.

Dawa ilikwishakuwepo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, kinataka mwaka wa tarakimu nne utangulie, ufuate mwezi, kisha siku: 1996-01-02. Kwa kuwa kikubwa hutangulia kidogo na kila sehemu ina idadi yake maalumu ya tarakimu, hata maandishi matupu hujipanga kwa kufuata kalenda. Zile tarakimu nne zina uzito wake. Mifumo mingi ya wakati huo iliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na ndiyo maana kuingia kwa mwaka 2000 kuliogopwa sana: 00 hupangwa kabla ya 99.

Baadaye tulihamia kwenye kanzidata yenye aina maalumu ya data kwa ajili ya tarehe na saa. Humo wakati huhifadhiwa kama namba. Mifumo ya Unix, kwa mfano, huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Namba hupangwa upesi, na ukitoa wakati wa kuondoka katika wakati wa kufika unapata muda wa safari papo hapo. Jinsi tarehe itakavyosomeka kwenye skrini huamuliwa mwishoni, kulingana na anayeisoma.

Zikabaki saa, nazo zilitufundisha mengi zaidi. Dereva akipiga simu kusema amefika mpakani saa nne, karani alipaswa kuuliza kama ni asubuhi au usiku, ndipo aandike 10:00 au 22:00. Hilo lilizoeleka haraka. Gumu lilikuwa kwenye mpaka wa Rusumo, kwa sababu saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Lori likiondoka upande wa Tanzania 10:50 na kupokelewa upande wa pili 10:05 kwa saa za huko, kanzidata ilionyesha limefika kabla halijaondoka, ilhali limetumia robo saa tu. Mteja alipodai fidia ya ucheleweshaji, orodha kama hiyo haikuweza kumtetea dereva.

Tulipoanza kuhifadhi kila wakati kwa saa za UTC, yaani saa za marejeo za kimataifa, matukio hayo mawili yakawa 07:50 na 08:05, na mpangilio ukanyooka. Kanzidata ya PostgreSQL hufanya ubadilishaji huo yenyewe kwa aina yake ya wakati yenye ukanda wa saa, lakini haihifadhi ukanda ambao saa hiyo iliandikiwa. Kwa hiyo tuliongeza safuwima ya kituo, ili dereva na mteja waweze kuonyeshwa saa za mahali husika.

Kwa vijana wanaounda mifumo leo nina ombi moja: msichague aina ya data kwa kuangalia leo peke yake. Aina ya TIMESTAMP ya kanzidata ya MySQL inakomea tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 za UTC, na ipo mikataba inayosainiwa sasa itakayovuka tarehe hiyo. Tarehe iliyohifadhiwa vizuri ni ushahidi wa nani alifika lini, na kwa dereva aliyekesha barabarani, ushahidi huo ni haki yake.